Soda ya Mgeni

Mwaka jana nilikataa soda ya watu, na mpaka leo jambo hilo linanisumbua.

Nilikuwa wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, nikikusanya data za tasnifu yangu ya shahada ya uzamili. Utafiti wenyewe unahusu muda ambao wanawake wa vijijini wanautumia kutafuta maji. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na dodoso la kurasa sita, nikiuliza mama mwenye nyumba anaamka saa ngapi, kisima kiko mbali kiasi gani, foleni inachukua muda gani, na kwa siku anakwenda mara ngapi. Nyumba ya nne siku hiyo ilikuwa ya mama mmoja mwenye watoto wanne. Alinikaribisha, akanifutia kiti kwa pindo la kanga yake, kisha akamwita binti yake wa miaka kama saba na kumnong'oneza jambo. Mtoto akatoka mbio.

Tulikuwa ukurasa wa tatu aliporudi na chupa moja ya Fanta. Mama akaiweka juu ya stuli mbele yangu, akaanza kutafuta kifungulio. Nami nikasema maneno ambayo hapa Dar es Salaam nayasema karibu kila wiki: "Ahsante sana mama, lakini mimi situmii soda."

Sikusema uongo. Kwenye ukoo wetu kuna kisukari, na niliacha soda nilipoanza mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Mama yule hakukasirika. Alisema tu, "Haya, mwanangu," akampa binti yake chupa airudishe dukani. Kwa kuwa haikuwa imefunguliwa, mwenye duka angeipokea na kurudisha pesa. Mtoto aliishika kwa mikono miwili akatoka nayo. Safari hii hakukimbia.

Nilikuwa tayari juu ya bodaboda, nusu ya njia kuelekea nyumba niliyopanga, nilipoelewa nilichokifanya. Nilielewa kwa sababu mtoto yule niliwahi kuwa mimi.

*

Nimekulia kijijini, wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Kwetu soda ilikuwa ya mgeni. Si kwamba kulikuwa na amri iliyotangazwa; tulijua tu, kama tulivyojua kwamba kiti chenye kitambaa cha kufuma si cha kukalia watoto. Mgeni wa maana akifika, yaani mwalimu mkuu, mchungaji, mjomba kutoka Arusha, mmoja wetu aliitwa pembeni na kupewa pesa pamoja na chupa tupu, maana bila chupa tupu hupewi soda, labda uache na pesa ya chupa. Ulikimbia kwenda. Kurudi ulitembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba yai, kwa sababu soda ikitikiswa itamwagika ikifunguliwa, na kila tone lililomwagika lilikuwa limetoka katika fungu letu.

Tulikuwa na fungu kwa sababu mgeni mwenye adabu alikuwa habakishi kwa bahati mbaya, anabakisha kwa makusudi. Alikunywa kwa mrija taratibu huku akizungumza na wakubwa, na ikifika robo ya chupa alisukuma stuli mbele kidogo na kusema, "Nimetosheka." Sisi watatu tulikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani tukimhesabia. Kaka yangu mkubwa aliweza kukwambia mapema kama huyu ni mtu wa robo, wa nusu, au wa kumaliza. Yupo mmoja, hata leo sijamsamehe, aliyemaliza yote na kuufyonza mrija mpaka ukalia.

Iliyobaki tuligawana kwa kizibo. Mmoja anamimina, mwingine anachagua kwanza, ili anayemimina asijipendelee. Vizibo vitatu vitatu, pengine vinne. Mrija alipewa mdogo kuliko wote autafune. Nikijaribu kukumbuka ladha yoyote ya utoto wangu, ya kwanza kunijia ni hiyo: Fanta iliyokwisha gesi, ya vuguvugu, ndani ya kizibo chenye harufu ya bati.

Vitu vya namna hiyo vilikuwa vingi. Wali ulikuwa wa Krismasi na wa harusi. Siku nyingine zote tulikula ugali wa mtama au wa uwele. Mkate wa dukani alikuja nao mtu aliyetoka safari, na ulikatwa vipande vyembamba kiasi cha kuona mwanga upande wa pili. Viatu vilikuwa vya kanisani. Shuleni nilikwenda pekupeku mpaka darasa la tatu, na sikumbuki kuona haya, maana wengi wetu tulikuwa hivyo hivyo.

Leo wali nakula mara nne au tano kwa wiki, kwa sababu ndicho chakula rahisi kukipata karibu na hosteli. Mkate unaotangulia, ule wa ncha, naurudisha kwenye mfuko na mara nyingi unaota ukungu humo humo. Soda nimeifikia, nimeizoea, nimeichoka, na sasa naikataa. Safari nzima hiyo, kutoka nyuma ya pazia mpaka kwenye kiti chenye kitambaa, imechukua miaka isiyofika ishirini.

*

Kwa muda mrefu swali lililonishughulisha lilikuwa hili: Ile raha imekwenda wapi? Fanta ni ile ile. Ulimi ni ule ule. Kama furaha ya mtoto yule ilikuwa kitu chema, na mimi nimeipoteza kwa kupata kile alichokitamani, basi je, kupata ni hasara?

Wahenga walishaliona hilo waliposema kipya kinyemi kingawa kidonda. Wanasaikolojia nao wamelipima. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois, Marekani. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi kwa tofauti ya maana kuliko watu wa kawaida waliolinganishwa nao. Zaidi ya hapo, walipoulizwa kuhusu mambo madogo ya kila siku, kama kupata kifungua kinywa au kuzungumza na rafiki, walisema wanapata raha kidogo kuliko wale ambao hawakushinda chochote.

Kuna dawa ya kale ya ugonjwa huu, nayo ni kurudi nyuma kwa hiari. Inasimuliwa kwamba Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi kwa mkate na maji, alimwandikia rafiki yake amletee kijungu cha jibini ili siku akitaka kufanya karamu aweze. Seneca wa Roma alimshauri rafiki yake Lucilius atenge siku kadhaa za kula chakula duni na kuvaa nguo chakavu, kisha ajiulize kama hiki ndicho alichokuwa akikiogopa. Niliposoma barua hiyo nilivutiwa mno. Nikajiwekea utaratibu wangu: siku tatu kwa wiki ugali na mboga za majani tu, bila nyama, bila sukari, ili Jumapili iwe Jumapili tena.

Nilimweleza mama yangu jambo hilo kwa simu. Nilidhani atafurahi. Nikamwambia nimegundua kwamba zamani tulikuwa matajiri bila kujua, kwamba vizibo vitatu vya Fanta vilitupa furaha ambayo kreti zima leo haliwezi kunipa.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wewe unajua soda moja ilikuwa mayai mangapi?"

Nikasema sijui.

"Manne. Mgeni akija nilikuwa nahesabu mayai. Mayai ya mnadani, ya kununulia daftari na mafuta ya taa. Nikiwatuma dukani ninyi mlikuwa mnakimbia mkicheka. Mimi nabaki na mgeni, nacheka naye, na kichwani nahesabu." Halafu akasema, bila hasira yoyote, "Ile furaha ilikuwa yenu, mwanangu. Mimi sikuwa nayo. Usinirudishe huko."

Baada ya simu ile niliacha siku zangu tatu za ugali. Zilikuwa mchezo. Seneca alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Roma, mshauri wa mfalme Nero; siku zake za umaskini zilipokwisha, meza yake ilikuwa palepale ikimngoja. Mimi nami Jumapili yangu ilikuwa na uhakika. Mama hakuwa na Jumapili ya namna hiyo. Kufunga ni kujinyima kile ulicho nacho, na anayefunga Ramadhani au Kwaresma anajua siku ya mwisho ni lini. Asiyejua siku ya mwisho hafungi. Ana njaa.

*

Amartya Sen, mwanauchumi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, ameandika mara nyingi juu ya hatari ya kupima maisha ya watu kwa furaha yao peke yake. Mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu hujifunza kutamani kidogo, ili asiumie kila siku. Ukimuuliza kama ameridhika atasema ndiyo, na ukiandika "ameridhika" kwenye dodoso lako utakuwa hujaongopa, ila utakuwa umeuficha ukweli. Ni kama yule sungura wa hadithini aliyeruka akashindwa kuyafikia matunda, akaondoka akisema ni mabichi. Tofauti ni kwamba sungura alijidanganya mara moja. Wapo watu waliofundishwa kutoinua macho kabisa wakaona kama kuna matunda.

Sasa ikiwa kuridhika kwa maskini si ushahidi kwamba umaskini ni mwema, basi hata shangwe yangu nyuma ya pazia si ushahidi. Vizibo vitatu vilikuwa vitamu kwa sababu hapakuwa na cha nne. Utamu huo ni wa kweli, siukani, ila siwezi kuutumia kuitetea hali iliyouzaa, hasa nikikumbuka kwamba bei yake aliilipa mtu mwingine.

Kuna vitu ambavyo ni vyema kabisa vikawa vya kawaida, na vikiwa vya kawaida upesi ni bora zaidi. Umeme wa REA ulipofika kijijini kwetu, usiku wa kwanza watu waliacha taa zikiwaka mpaka asubuhi, wengine wakakaa nje kuziangalia nyumba zao. Siku hizi hakuna anayeziangalia. Wanachokumbuka ni kulalamika ukikatika. Ningeweza kusema wamepoteza mshangao. Lakini mtoto anayesoma jioni bila kushangaa kwamba anaona maandishi amepata zaidi ya aliyeshangaa. Kushangilia taa ni dalili kwamba giza lilikaa sana.

Adam Smith aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa. Alieleza kwamba shati la kitani si lazima kwa uhai. Wagiriki na Warumi waliishi vizuri bila hilo. Lakini katika Ulaya ya wakati wake, kibarua mwenye heshima angeona aibu kutokea mbele za watu bila shati hilo. Akaendelea na viatu vya ngozi: kwa desturi ya Uingereza hata mtu maskini, mwanamume au mwanamke, angeona aibu kutokea bila navyo, Uskoti vilikuwa lazima kwa wanaume wa tabaka la chini lakini si kwa wanawake wao, Ufaransa havikuwa lazima kwa yeyote kati yao.

Ndiyo maana sikuona haya kwenda shule pekupeku, na ndiyo maana leo siwezi kuvuka geti la chuo bila viatu. Anasa haitoweki tu inapozoeleka. Wengi wakishakuwa nayo inageuka kuwa lazima, na asiyekuwa nayo anaanza kuona aibu ambayo jana haikuwepo. Kwa hiyo kuzoea kwangu hakunihusu mimi peke yangu. Kila ninachokiona cha kawaida kinamweka mtu fulani mahali: ama pamoja nami, ama nyuma ya pazia.

*

Kwa hiyo nikarudi kwenye Fanta ya Chamwino, nikajiuliza kosa langu lilikuwa nini hasa.

Halikuwa kuizoea soda. Siwezi kujilazimisha niitamani kama nilivyoitamani nikiwa na miaka saba, na hata ningeweza, mama wa watu angepata faida gani? Wala halikuwa kujali afya yangu. Wala sidhani lilikuwa kukosa shukrani, maana nilishukuru, tena kwa maneno mazuri.

Kosa lilikuwa kwamba nilijibu kana kwamba ile soda ilikuwa baina yangu na mwili wangu tu. Katika nyumba ile ilikuwa baina ya watu wengi. Mama alikuwa ananiheshimu kwa kutoa kitu alichokihesabu, na mtoto alikimbia akijua ana fungu lake. Wenzake walikuwa mahali fulani wakitega sikio, ingawa sikuwaona. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa watoto wa nyumba ile kupona kulikuwa chini ya chupa, na mimi niliirudisha dukani ikiwa na kizibo chake.

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo sana. Nilitakiwa nikubali ifunguliwe, ninywe kidogo kwa heshima, nisukume stuli mbele na kusema nimetosheka. Adabu hiyo nilifundishwa na wageni wa kwetu kabla sijajua kusoma. Niliisahau kwa sababu niliacha kuihitaji, na hilo ndilo linalonitisha kuhusu mazoea. Ladha ikipotea mpoteaji ni mimi, naweza kuvumilia. Lakini pamoja na ladha nilipoteza uwezo wa kuona kwamba kuna mtu nyuma ya pazia, na hasara hiyo ilimwangukia mwingine.

Kuna jambo jingine. Neno "situmii" ni anasa mpya. Utotoni sikuwahi kumsikia mtu mzima akilisema mbele ya chakula, ila kwa sababu ya dini au dawa. Sasa nalisikia kila mahali: situmii sukari, situmii ngano, situmii nyama nyekundu. Sisemi ni baya. Nasema tu kwamba ili kukataa kitu kwa amani inabidi kwanza uwe na uhakika kwamba kesho kitakuwepo.

*

Baada ya miezi miwili nilirudi Chamwino kwa awamu ya pili ya utafiti. Safari hii nilikwenda na kilo mbili za sukari na miche ya sabuni, na nilikuwa nimejiandaa. Akileta soda nitakunywa, nitabakisha nusu, nitasema nimetosheka.

Mama yule alinipokea kwa furaha, akaniulizia masomo. Jirani yake alikuwepo, akamwambia amtume mtoto dukani. Mama akacheka. "Huyu mgeni wangu namjua, hatumii soda." Alisema kwa fahari kidogo, kama mtu anayejua tabia za mwanawe. Binti yake alikuwa mlangoni, akaniangalia, kisha akaendelea na mchezo wake. Hakuwa na sababu ya kusubiri.

Nilifungua mdomo nikaufunga. Ningesema nini? Kwamba nimeanza kunywa? Hiyo ingekuwa sawa na kuomba, tena kuomba mayai ya mtu. Pesa ya kununua mwenyewe ninayo, lakini mgeni akitoa pesa ya soda yake mwenyewe mbele ya jirani anamvua nguo mwenyeji. Nafasi ile ilikuwa imepita, na hakuna aliyekuwa na kinyongo ila mimi.

Akaniletea maji, kwenye glasi safi iliyofunikwa kwa kisosi. Nikaanza dodoso. Kisima: kilekile. Safari kwa siku: mbili. Muda wa kwenda, foleni na kurudi: kama saa mbili na nusu kwa kila safari. Nilikuwa naandika jibu hilo huku glasi ikiwa mkononi, nusu yake nimeshakunywa bila kufikiri, kama ninavyokunywa maji ya bomba hosteli.

Nikaiangalia. Kurasa sita za maswali nilikuwa nimeziandaa mwenyewe ili kujua maji yale yana thamani gani, na nilikuwa nayanywa kama kitu cha kawaida. Sikuwa na la kusema ambalo lisingemshangaza, kwa hiyo nilimaliza kuandika, nikamaliza na maji, kisha nikamrudishia glasi kwa mikono miwili.